Makuli wa Kilindini na Mageuzi ya Kazi

Kabla ya mwaka 1926, ambapo gati za kwanza za maji ya kina zilifunguliwa Kilindini, meli kubwa zilizofika Mombasa zilitia nanga mbali na ufuo, shehena zake zikashushwa katika matishari, kisha zikafikishwa nchi kavu na makuli walioajiriwa alfajiri na kulipwa ujira wao jioni. Gati na winchi zilibadili njia ya mzigo, lakini ada ya kibarua wa kutwa ilisalia kwa miaka mingi. Wala haikuwa dhuluma tupu, kwani kuli aliyechoshwa na magunia aliweza kupumzika kesho yake, na mwenye minazi yake ng'ambo ya Likoni aliweza kwenda kuiangalia pasi na kumwomba mtu idhini.

Wakuu wa serikali na wa makampuni ya bandari waliitazama hali hiyo kwa jicho jingine. Mgomo wa 1939, na hususan mgomo mkuu ulioanza tarehe 13 Januari 1947, ambao kwa muda wa siku 12 hivi ulisimamisha kazi za bandari, reli na mahoteli huku wafanyakazi wakikutana Kiwanja cha Maskini, uliwakinaisha kwamba umati wa vibarua wanaoingia na kutoka watakavyo hauwezi kuendeshwa. Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi hao, alikamatwa Agosti mwaka huo na kuhamishiwa Baringo. Lakini kumwondoa msemaji hakukuondoa shida ya ijara na makazi aliyoisema. Daftari la vibarua likatiwa nguvu, na kila aliyeandikwa humo akalazimika kuhudhuria siku zilizowekwa, asije akafutwa.

Kwa aliyeketi ofisini, taratibu hiyo ilikuwa nidhamu. Kwa kuli, ilikuwa kunyang'anywa hiari aliyoizoea kabla ya kuonyeshwa badala yake. Mwezi Machi 1955 makuli waligoma tena, na Tom Mboya, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alifika Mombasa, akawasikiliza, akawashawishi warejee kazini ili madai yao yaamuliwe kwa mashauriano, na ijara ikaongezwa. Tangu hapo chama cha makuli na waajiri walizidi kuzoea kuketi pamoja, na kazi ya mwezi, yenye malipo ya hakika, ikashika kwa sehemu kubwa mahali pa kazi ya kutwa, ingawa waliofutwa daftarini walilazimika kutafuta riziki penginepo, na hasara yao haifai kusahauliwa.

Basi mwenye kukusudia kugeuza kazi za watu, iwe bandarini, kiwandani au ofisini, na awaulize kwanza watapoteza nini, awaeleze bayana watakachopata, kisha aiandike ahadi hiyo mbele yao. Maana mapatano yaliyotiwa saini na pande mbili hudumu kuliko amri iliyobandikwa ukutani.