Gitaa la Mwanafunzi: Historia Fupi na Shauri kwa Jamaa

Ndugu na jamaa wapenzi,

Miongoni mwa mambo yatakayojadiliwa katika mkutano wetu ni gitaa la marehemu ami, lile jekundu la Mustang, alilolinunua likiwa limekwisha kutumika katika miaka yake ya mwanzo hapa Marekani. Wapo wanaotaka liuzwe na fedha zitiwe katika mfuko wa mazishi. Wapo wanaotaka libaki. Kabla ya kukata shauri, yafaa tujue asili yake.

Magitaa ya umeme ya wanafunzi yalianza kupata umaarufu nchini humu katika miaka ya 1950, wakati ambapo gitaa zuri la umeme lilimshinda bei mzazi wa kipato cha kawaida. Mwaka 1954 kampuni ya Gibson ilitoa Les Paul Junior. Gitaa kubwa la Les Paul, lililotangulia mwaka 1952, lilikuwa na uso uliochongwa kwa mbinuko, rangi ya dhahabu na vinasa sauti viwili. Junior lilikuwa bapa kama ubao wa meza, na kinasa kimoja tu. Lakini kinasa hicho kilikuwa cha aina ileile iliyotiwa katika gitaa la bei kubwa. Kilichopunguzwa zaidi kilikuwa mapambo.

Mwaka 1956 kampuni ya Fender, ya California, ikatoa Musicmaster na Duo-Sonic. Leo Fender, mwasisi wake, hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio aliyewasikiliza wapigaji. Safari hii aliyefikiriwa alikuwa mtoto. Sehemu ya uzi inayotetemeka ilifupishwa kutoka inchi 25.5 za magitaa yao makubwa hadi inchi 22.5. Uzi mfupi, ukikazwa utoe sauti ileile, huwa mlegevu zaidi chini ya kidole, na mwendo kutoka noti moja hadi nyingine hupungua. Hivyo mkono mdogo hufika. Mwaka 1964 likafuata Mustang, lenye vinasa viwili na mkono wa chuma wa kutikisia sauti.

Wasiomudu hayo walikuwa na duka la Sears, lililouza kwa njia ya posta magitaa yenye jina la Silvertone. Mengi yaliundwa na Danelectro, kampuni ya Nathan Daniel huko New Jersey, kwa fremu ya mbao iliyofunikwa kwa mbao nyembamba za nyuzinyuzi zilizoshindiliwa. Katika miaka ya 1960 baadhi yaliuzwa pamoja na sanduku ambalo ndani yake mlikuwa na kipaza sauti. Mtoto alifungua sanduku, akachomeka waya, akaanza kupiga.

Kwa miaka mingi waliojiona mabingwa waliyadharau. Mwanafunzi akishapata ujuzi alinunua gitaa kubwa, na lile dogo likaishia katika duka la rehani. Mwaka 1982 Fender iliacha kuunda Mustang. Hata hivyo, vijana wasio na fedha waliendelea kuyaokota. Mmoja wao, Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana, alionekana na Mustang la buluu katika filamu ya wimbo uliovuma duniani mwaka 1991. Mwaka 2022 gitaa hilo liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4.5. La ami halitafika hata ukingoni mwa bei hiyo, lakini magitaa ya aina yake yamepanda thamani, na ndipo ilipozaliwa hoja ya kuuza.

Kwa maoni yangu, jina la mtu mmoja maarufu halitoshi kueleza mapenzi haya. Vitu vingi vya wanafunzi huundwa ili vitupwe upesi. Haya ya Gibson na Fender yalitoka katika viwanda vilevile vilivyounda magitaa ya mabingwa. Aliyenunua cha bei ndogo hakupewa cha uongo. Chema chajiuza, hata kikichelewa.

Ami alijifunza usiku, baada ya zamu ya kazi, na wengi wetu vidole vyetu aliviweka yeye juu ya nyuzi zile. Nyuma ya shingo ya gitaa rangi imelika kwa mikono yetu.

Basi shauri langu ni hili: lisiuzwe, wala lisitundikwe ukutani. Litiwe nyuzi mpya, na kila mwaka akabidhiwe mtoto mmoja mwenye hamu ya kujifunza, alirejeshe katika mkutano ufuatao na kutupigia wimbo mmoja. Najua mfuko wa mazishi umepungua, nami niko tayari kuongeza mchango wangu. Mwenye rai nyingine aje nayo, tushauriane kwa wema kama alivyotuzoesha mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.