Kisanduku cha Kibo kilichozua ubishi wa barafu

Tarehe 21 Machi 2025 dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya barafu za milimani, na UNESCO ilikwishaonya kwamba barafu ya Kilimanjaro itakuwa imetoweka ifikapo 2050. Katika mazungumzo yote ya siku hiyo sikusikia mtu akikitaja chombo kilichotufundisha barafu hiyo inaondokaje.

Mpanda mlima Mjerumani Hans Meyer alifika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1889. Aliporudi 1898 akakuta barafu imepungua. Ramani ya 1912 ilionyesha kilomita za mraba 12 hivi. Lakini hali ya hewa ya kileleni ilipimwa kwa kubahatisha, siku chache ambazo mtu alikuwapo. Vyombo vya zamani vilihitaji mlinzi: kalamu ya wino ilichora mstari kwenye karatasi iliyozungushwa na saa, na karatasi ilipojaa ilibidi mtu aibadilishe. Nani angeishi Kibo kwa kazi hiyo?

Jibu lilikuja na dataloga, kisanduku cha kielektroniki kinachorekodi vipimo chenyewe. Februari 2000 Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimamisha kituo kwenye barafu ya kaskazini, mita 5,775, kwa mizigo iliyopandishwa na wapagazi wetu. Betri inachajiwa na paneli ya sola. Dataloga inaamka, inasoma joto, upepo, unyevu na mionzi, inapiga wastani, inahifadhi, inalala tena. Kihisi kimoja hutuma sauti chini na kupima muda inaochukua kurudi, ndipo kimo cha theluji kijulikane. Namba nyingine zilirushwa kwa setilaiti. Hata hivyo ilibidi watu wapande kuzichukua zilizohifadhiwa mle ndani na kuisimika upya milingoti, kwa kuwa barafu inayoishikilia ilikuwa ikishuka.

Namba hizo ziliingia kwenye ubishi mkali juu ya kinachoimaliza barafu. Mwaka 2002 mwanasayansi Mmarekani Lonnie Thompson, aliyechimba barafu hiyohiyo, alitabiri itakwisha kati ya 2015 na 2020, na dunia nzima ikaifanya Kilimanjaro picha ya ongezeko la joto. Mwaka 2004 Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, pamoja na Hardy na wenzao, akiwamo Mtanzania Tharsis Hyera, wakatoa andiko ambalo mimi naliegemea hapa. Kileleni wastani wa joto ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Barafu nyingi haiyeyuki: jua kali huigeuza mvuke bila kupitia maji, kazi inayokula nishati zaidi ya mara nane ya kuyeyusha. Walichokilaumu zaidi ni ukavu ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, mawingu na theluji vikapungua. Waliokana mabadiliko ya tabianchi wakalidaka andiko hilo kama ushindi wao, jambo ambalo waandishi wenyewe hawakulisema. Ukavu huo nao ni badiliko la tabianchi. Thompson hakunyamaza. Mwaka 2009 alionyesha dalili za kuyeyuka kwenye tabaka la juu la barafu, dalili asizoziona chini zaidi.

Mwaka 2020 ulipita na barafu bado ipo, imekonda na kumeguka vipande.

Namba za mlima wetu zimesomwa zaidi Massachusetts na Innsbruck kuliko Moshi. Nataka nakala ya namba hizo zote, saa kwa saa tangu Februari 2000, iwekwe Mamlaka ya Hali ya Hewa na vyuo vyetu, mwanafunzi wa Marangu aifungue kwenye kompyuta bila kumwomba mtu ruhusa.