Mgeni na Jembe Lake

Wahenga wetu walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hiyo katika maandishi yake juu ya Ujamaa, akikumbusha kwamba jamii ya Kiafrika ya zamani haikuwa na nafasi ya mtu anayekula jasho la wenziwe. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huisoma methali hii kama karipio kwa mgeni mvivu. Sisi twaona kwamba ina upande wa pili usiosemwa sana: mtu aliyepewa jembe amekwisha kukubaliwa. Jembe ni kazi, na ni ruhusa pia. Historia tunayotaka kuifuata hapa ni ya ruhusa hiyo, tangu ilipokuwa neno la mdomo hata ikawa karatasi yenye muhuri, yaani kibali cha kazi.

Tuanzie Hirbadaw, kata ya Wilaya ya Hanang, wilaya ambayo zamani ilikuwa katika Mkoa wa Arusha na tangu mwaka 2002 imo katika Mkoa wa Manyara. Nyanda za Hanang ni nchi ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, na humo wamekuwa wakiingia Wairaqw kutoka nyanda za juu za Mbulu kutafuta mashamba. Kwa desturi ya Wabarabaig malisho ni ya wote, bali kisima ni cha ukoo wa yule aliyekichimba. Mfugaji aliyetoka mbali na ng'ombe wenye kiu hateremki kisimani kama apendavyo. Yampasa kwanza awaendee wenye kisima na kuomba. Basi asidhani mtu kwamba kuomba ruhusa ni jambo lililoletwa na meli za wakoloni. Lililokuja na wakoloni ni karatasi, na pamoja na karatasi, umbali kati ya mwombaji na mwombwaji.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 waliingia katika wilaya hiyo wageni wa namna nyingine. Tanzania na Canada zilikubaliana kuanzisha kilimo cha ngano kwa mashine, na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, likafungua mashamba Basotu, Mulbadaw, Setchet na kwingineko, hata yakafikia jumla ya eka 100,000 hivi. Wataalamu wa Canada walikuja kufanya kazi kwa muda na kurudi kwao. Mgeni kama huyu hakuhangaika kutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta, na makubaliano ya serikali mbili yakamtangulia njiani.

Wakati huohuo wafugaji na wakulima waliozikuta mashine hizo katika ardhi waliyoitumia walikwenda mahakamani. Kesi ya Kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO yafaa isomwe na kila mwalimu wa historia. Mahakama Kuu iliwaona wanakijiji wana haki ya fidia, lakini Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyochapishwa katika ripoti za kesi za mwaka 1985, iliitengua hukumu hiyo kwa sehemu kubwa. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba walalamikaji walipaswa kuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Tazama basi mambo yalivyogeuka: mgeni alikuwa na karatasi inayosema yeye ni nani na amekuja kufanya nini, na mtu wa Hanang akatakiwa atoe ushahidi kwamba Hanang ni kwao. Toka siku hiyo hapana aliyeweza kusema kwamba habari za vibali ni habari za wageni peke yao.

Yuko mgeni mwingine, asiyeitwa na kazi wala kutanguliwa na mkataba wowote. Huyo ni mkimbizi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, Waingereza waliwaleta Tanganyika wakimbizi wa Kipolandi, wapatao 5,000 wakakaa Tengeru karibu na Arusha, na wengine wakapelekwa Kondoa, isiyo mbali na Hanang. Walilima, wakafungua shule na karakana; vita vilipokwisha wengi wakasafirishwa kwenda Uingereza, Canada na Australia. Makaburi ya waliofia huku yako Tengeru hata leo.

Baada ya Uhuru nchi yetu ilijifunga kwa hiari. Mwaka 1964 iliingia katika Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 juu ya wakimbizi. Kifungu cha 17 cha mkataba huo kinasema kwamba vizuizi vinavyowekwa kulinda ajira za wananchi visimhusu mkimbizi aliyekwisha kukaa nchini miaka mitatu. Wahenga walisema siku ya tatu, Geneva ikasema mwaka wa tatu; hesabu hizo zimekutana bila mtu kuzikutanisha. Hata hivyo, Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi iliyotungwa mwishoni mwa mwaka 1965 ilikuwa na lugha nyingine kabisa. Ilimpa Waziri uwezo wa kuagiza wakimbizi wakae mahali maalumu, na jina lake lenyewe laonyesha nia yake.

Hata hivyo jembe lilitolewa, tena kwa ukarimu ambao mataifa tajiri hayakuufikia. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walifyeka misitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yao yalikuwa yanajitegemea. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Lakini jembe hilo lilikuwa na mpaka. Aliyetaka kutoka katika makazi, hata kwa safari ya kawaida, alihitaji ruhusa ya mkuu wa makazi. Kijana mwenye ufundi wa useremala aliweza kulima apendavyo. Kuupeleka ufundi wake Tabora au Mpanda lilikuwa jambo la kuombewa karatasi.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilifuta ile ya zamani na kutaja wazi kwamba mkimbizi aweza kupewa kibali cha kazi. Kisha mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kusimamia ajira za wasio raia, ikamkabidhi Kamishna wa Kazi utoaji wa vibali vyote vya kazi, navyo vikagawanywa kwa daraja: A ya mwekezaji, na kuendelea hata daraja E, iliyo ya mkimbizi. Kwenye karatasi mlango uko wazi. Ila sisi tuliokaa miaka mingi nyuma ya meza za serikali twajua kwamba fomu haina macho. Kwa kawaida mwajiri ndiye anayemwombea mgeni kibali, akionyesha kwamba mtaalamu kama huyo hakupatikana nchini. Mkimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali cha kutoka. Basi, ili apate kibali cha kazi, sharti kwanza apate mwajiri. Na ili aonane na mwajiri, sharti kwanza apate kibali kingine. Hatusemi kwamba serikali haina sababu. Mikoa ya Kigoma na Kagera ilibeba mamia ya maelfu ya watu miaka ya 1990, na vijana wetu nao wanatafuta kazi hizohizo. Lakini fundo ni fundo, hata likifungwa kwa nia njema.

Waliofunguliwa fundo hilo ni wale wa mwaka 1972. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya wakimbizi hao na watoto wao wapatao 162,000 yalikubaliwa, na mwezi Oktoba 2014 wakaanza kukabidhiwa hati zao. Raia haombi kibali cha kazi. Wengi kati yao walikuwa wamezaliwa hapahapa nchini, na waliofika wakiwa vijana walizipokea hati hizo miaka 42 baada ya kuvuka mpaka, mbele ya wajukuu.