Tenisi ya wanawake wawili kwa wawili: Mchezo uliompa Mkenya taji la Wimbledon

MKENYA wa kwanza kutwaa taji katika mashindano makuu ya tenisi ya Grand Slam hakulipata akiwa peke yake uwanjani.

Angella Okutoyi, aliyekuwa na umri wa miaka 18, aliandikisha historia hiyo jijini London mnamo Julai 2022. Aliungana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp na kushinda kitengo cha wasichana cha wachezaji wawili kwa wawili katika mashindano ya Wimbledon.

Wawili hao walipoteza seti ya kwanza 3-6 mikononi mwa Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Walijinyanyua na kushinda ya pili 6-4, kisha wakatawazwa mabingwa kwa alama 11-9 katika gemu ya kuamua mshindi.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, riadha na soka ndizo hutawala mazungumzo ya michezo. Hata hivyo, wakazi wa eneo hilo wanafahamu vyema thamani ya ushindi wa pamoja.

Naftali Temu, mzawa wa Nyamira, aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 mjini Mexico City mwaka wa 1968. Miaka minne baadaye mjini Munich, Charles Asati, Hezahkiah Nyamau na Robert Ouko, wote wana wa Gusii, walishirikiana na Julius Sang kutwaa dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 kwa wanariadha wanne.

Tenisi ya wawili kwa wawili inafanana zaidi na mbio hizo za 1972 kuliko zile za Temu. Nguvu za mmoja hazitoshi iwapo mwenzake hayuko mahali panapostahili.

Chimbuko

Wimbledon ilianza mwaka wa 1877 kwa wanaume pekee. Wanawake waliruhusiwa kushindana mmoja mmoja mwaka wa 1884, lakini walisubiri hadi 1913 kabla ya taji lao la wawili kwa wawili kutambuliwa rasmi. Mabingwa wa kwanza walikuwa Winifred McNair na Dora Boothby wa Uingereza.

Mwanamke aliyelitwaa taji hilo mara nyingi zaidi ni Elizabeth Ryan wa Marekani, aliyeshinda mara 12 kati ya 1914 na 1934. Mwenzake wa Marekani, Billie Jean King, alishinda mara 10.

Wanatenisi wa kulipwa waliruhusiwa kushiriki mashindano hayo kuanzia 1968. Katika karne hii, ndugu Venus na Serena Williams wametia kapuni mataji sita, kati ya 2000 na 2016. Kitengo cha wasichana, alichoshinda Okutoyi, kilianzishwa mwaka wa 1982.

Jinsi mchezo unavyochezwa

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Wachezaji wawili wanapomenyana, upana unaotumika ni mita 8.23. Wanapokuwa wanne, kanda za pembeni nazo huhesabiwa na upana hufika mita 10.97.

Kila mchezaji kati ya wale wanne huwa na zamu yake ya kuanzisha mpira kwa gemu nzima. Wanaopokea huchagua nani asimame kulia na nani kushoto, na hawaruhusiwi kubadilishana hadi seti imalizike.

Watu wazima hucheza seti tatu, na jozi inayoshinda mbili ndiyo husonga mbele. Tangu 2022, seti ya mwisho katika mashindano yote manne ya Grand Slam ikifika 6-6, huamuliwa kwa gemu maalumu ya alama 10. Katika fainali ya vijana aliyocheza Okutoyi, gemu kama hiyo ilichukua nafasi ya seti nzima ya tatu. Sharti ni kumpita mpinzani kwa alama mbili, na ndiyo sababu 10-9 haikutosha na ikabidi wafike 11-9.

Kimbinu, jozi hodari hugombea sehemu iliyo karibu na wavu. Mmoja anapoanzisha mpira kutoka nyuma, mwenzake husimama mbele tayari kuupiga kabla haujagusa chini. Mara nyingi humwonyesha mwenzake ishara za vidole nyuma ya mgongo, ili ajue kama atavuka upande wa pili au atabaki alipo.

Kutoka ujana hadi malipo

Taji la vijana hufungua mlango tu. Katika tenisi ya kulipwa, mchezaji huhitaji alama za orodha ya dunia ya chama cha wanatenisi wa kike, WTA. Orodha ya mmoja mmoja na ile ya wawili kwa wawili hutenganishwa, na alama za moja haziingizwi katika nyingine.

Wengi huanzia katika mashindano madogo ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF). Madogo zaidi kati ya yale ya wanawake huitwa W15, kwa kuwa jumla ya zawadi zake ni dola 15,000 za Marekani, fedha ambazo hugawanywa kwa washiriki wengi. Mchezaji anayelazimika kusafiri kutoka nchi moja hadi nyingine aweza kutumia zaidi ya anachovuna.

Okutoyi mwenyewe ameonja ugumu wa ngazi hiyo. Alizaliwa Nairobi na kulelewa na bibi yake, akapata mafunzo katika kituo cha ITF nchini Burundi, na mwaka wa 2023 akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani.

Mnamo Machi 2024 alishinda dhahabu ya mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika jijini Accra, Ghana. Hata hivyo, tiketi ya Olimpiki ya Paris iliyoambatana na dhahabu hiyo ilimtaka awe miongoni mwa wanatenisi 400 bora duniani. Hakuwa amefika hapo, na akaikosa.

Mboko, aliyeshindwa katika fainali ile ya 2022, alipanda kwa kasi zaidi. Msichana huyo, ambaye wazazi wake wana asili ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alitwaa ubingwa wa Canada mjini Montreal mnamo Agosti 2025 baada ya kumlaza Naomi Osaka wa Japan katika fainali. Hatua yao ya mwisho Wimbledon mwaka ule ilitenganishwa na alama mbili tu.

Nafasi ya kaunti

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Kwa hivyo, swali la iwapo msichana wa Keroka, Ogembo au Nyansiongo atapata pa kujifunzia tenisi linahusu Kisii na Nyamira zenyewe, si Nairobi pekee.

Kwa shule yenye uwanja mmoja, kitengo cha wawili kwa wawili kina manufaa ya wazi. Uwanja huo huo unaotumiwa na wasichana wawili huweza kuwahudumia wanne kwa wakati mmoja, wakitumia mipira ile ile na wavu ule ule. Tenisi tayari imo miongoni mwa michezo ya shule za sekondari nchini, na mchezaji anayejifunza kusoma hatua za mwenzake akiwa shuleni huwa amepata ujuzi unaohitajika hata Wimbledon.