Mtandao Uliozaliwa Kwenye Chumba cha Kadi

Historia ya mitandao ya kompyuta kwa kawaida husimuliwa kama safari ya njia moja. ARPANET inaanza Oktoba 1969 kati ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Taasisi ya Utafiti ya Stanford, itifaki za TCP/IP zinashika hatamu tarehe 1 Januari 1983, intaneti inafuata. Kila kilichokuwepo pembeni huhesabiwa kuwa jaribio lililoshindwa, au intaneti changa isiyojaliwa kukua. Wapo watu wanaofufua meinfremu za IBM za miaka ya 1970 ndani ya kompyuta za kawaida za mezani, kwa programu zinazoiga mashine ile kipande kwa kipande, kisha wanaziunganisha upya kwa itifaki za zama zake. Wengi huwaona kama wapenda mambo ya kale tu, lakini kazi yao imeibua ushahidi unaoisuta simulizi hiyo. Mtandao wa meinfremu haukuwa intaneti iliyodumaa. Ulikuwa chumba cha kadi za kutobolewa kilichorefushwa mpaka mji mwingine, na karibu kila tabia yake, nzuri na mbaya, inatokana na asili hiyo.

Anzia kwenye faili la mipangilio la Hercules, kiigizi cha meinfremu kilichoanzishwa na Roger Bowler na kutolewa mwaka 1999. Ni orodha fupi ya vifaa ambavyo havipo: anwani 00C ni kisoma kadi aina ya 3505, 00D ni kitoboa kadi aina ya 3525, 00E ni printa ya 1403. Anayetaka kuunganisha mashine yake na ya mwenzake kwa njia ya zamani huongeza mstari wa 2703, kifaa kilichokuwa kikisimamia laini za simu, na badala ya waya na modemu huandika anwani ya intaneti ya upande wa pili. Kisha huwasha VM/370, mfumo endeshi ambao IBM iliutangaza mwaka 1972. Hapo ndipo jambo linapokuwa zito, maana VM/370 yenyewe ni kiigizi. Humpa kila mtumiaji mashine pepe yake, yenye kisoma kadi pepe, kitoboa kadi pepe na printa pepe. Mwaka 1975 mtumiaji wa mfumo huu angeweza kufanya kazi siku nzima bila kugusa karatasi ngumu yenye matundu, na bado kila faili alilompelekea jirani yake “lilitobolewa” upande mmoja na “kusomwa” upande wa pili.

Edson Hendricks, aliyekuwa katika Kituo cha Sayansi cha IBM kule Cambridge, Massachusetts, aliujenga mtandao juu ya uigizaji huo. Programu iliyotokana na kazi yake, RSCS, nayo ilikaa ndani ya mashine pepe kama mtumiaji mwingine yeyote. Kutuma faili mbali ilikuwa kazi ya hatua tatu: kuelekeza kitoboa chako kwa RSCS, kuandika anwani kwa amri ya TAG, kisha kutoboa. RSCS ililipokea furushi la kadi kwenye kisoma chake, ikatazama anwani, ikaliweka kwenye foleni ya laini inayohusika, na kituo kilichofuata kikafanya vivyo hivyo. Anwani ilikuwa jina la kituo na jina la mtumiaji, kila moja lisilozidi herufi nane. Faili lenye mistari inayozidi herufi 80 lilibidi lifungashwe upya katika vipande vya herufi 80, kwa sababu kadi ina safu 80. Waya haukudai kipimo hicho. Kilirithiwa kutoka kwenye karatasi.

Ukizitazama baiti zenyewe wakati vituo viwili vilivyofufuliwa vinapokutana, picha inazidi kuwa wazi. Kimoja hubisha hodi kwa baiti mbili, 01 na 2D. Kingine hujibu 10 na 70. Ndipo hubadilishana rekodi za kujitambulisha, na baada ya hapo hupokezana zamu: huyu akituma fungu, yule anakiri kulipokea. Itifaki hii ya vituo, NJE, ina nafasi ya kazi za kuchakatwa, matokeo ya kuchapwa, amri na ujumbe mfupi. Haina nafasi ya mtu aliyeketi New York kuendesha programu iliyoko Paris moja kwa moja kupitia kituo cha katikati.

Tabia ya kijamii ya mitandao hii ilifuata mkondo huohuo. VNET, mtandao wa ndani wa IBM, ulifikisha vituo 1,000 mwaka 1983. BITNET, ulioanzishwa mwaka 1981 na Ira Fuchs wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York na Greydon Freeman wa Yale, ulikua kwa kanuni rahisi: chuo kinachotaka kujiunga kilikodi laini ya simu hadi kwa mwanachama wa karibu, kisha nacho kikakubali kumpitisha atakayefuata. Laini ya kawaida ilikuwa ya biti 9,600 kwa sekunde. Furushi la kadi 1,000, yaani herufi 80,000, lilihitaji zaidi ya dakika moja kuvuka laini moja kabla ya kubanwa kokote, na lilianza upya kila kituo. Mti wa aina hii, ambamo kila chuo kinaning'inia kwa jirani mmoja, ungekuwa balaa kwa mtandao wa mazungumzo, kwa kuwa tawi likikatika hakuna njia ya kuzunguka. Kwa mtandao wa mafurushi, faili lilisubiri kwenye foleni mpaka laini irudi. Upole huo ndio uliofanya vyuo vyenye fedha kidogo viweze kuingia. Hata balaa kubwa lililoupata mtandao huu lilifuata sura yake. Desemba 1987 programu ya CHRISTMA EXEC, iliyotoka kwa mwanafunzi wa Clausthal, Ujerumani Magharibi, ilimchorea mpokeaji mti wa Krismasi huku ikijituma kwa kila anayefahamiana naye. Haikupenya mlango wowote. Iliingia kama furushi la kawaida kwenye kisoma kadi pepe, ikamngoja mwenye nacho aiendeshe kwa mkono wake.

Mtu atasema ushahidi huu ni wa bandia: vituo vya leo havina laini za kukodi, na NJE inayosafiri ndani ya TCP/IP ni kuchanganya zama mbili. Nusu ya hoja hii ni kweli. Kiigizi hakiwezi kutuonyesha bili ya simu wala subira. Furushi lililokuwa likikawia sasa hufika kabla hujainua kidole, na atakayekisia maisha ya wakati ule kwa kasi hiyo atapotoka. Lakini nusu ya pili inaanguka. Kitoboa na kisoma vya RSCS havikuwa chuma hata mwaka 1975, kwa hiyo kuviiga leo ni kuongeza tabaka moja tu juu ya matabaka yaliyokuwepo. Na kuipitisha NJE ndani ya TCP/IP si uzushi wa wafufuaji: mwishoni mwa miaka ya 1980 BITNET wenyewe ulianza kufanya hivyo, kwa programu iliyoandikwa Chuo Kikuu cha Princeton.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba watu walizungumza. Ujumbe wa mstari mmoja uliruka kutoka kituo hadi kituo, na mwaka 1985 Jeff Kell aliutumia kujenga Relay, baraza la mazungumzo la BITNET lenye vijiwe vyake, miaka kabla wengi hawajasikia gumzo la mtandaoni. Sawa, ila tazama mtandao ulivyoutendea ujumbe huo. Faili lilihifadhiwa kwenye diski kila lilipotua. Ujumbe ukikuta laini imekatika ulitupwa, bila foleni. Ulitendewa hivyo kwa sababu ulikuwa wa njia ileile ya opereta kumwuliza mwenzake kazi imefika wapi. Wanafunzi waliuteka, na naamini ni kati ya utekaji wenye faida zaidi katika historia ya fani hii, lakini walikuwa wakiishi kwenye kibaraza cha nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kadi.

Kuhusu kushindwa, BITNET ulififia katikati ya miaka ya 1990, vyuo vilipohamia intaneti. NJE haikufa nao. Bado imo ndani ya z/OS, mfumo wa meinfremu ambao IBM inauuza leo, ikipeleka kazi na matokeo kati ya vituo ambavyo majina yao hayazidi herufi nane.