Herufi za Bodoni na Matumizi Yake

Tumezoea kuuliza kitabu kimesema nini. Ni nadra kuuliza kimepigwa chapa kwa herufi za namna gani. Hata hivyo, liko umbo moja la herufi ambalo kila msomaji amekwisha kuliona, ingawa huenda halijui jina lake. Nguzo zake za wima ni nene na nyeusi, mistari yake ya kuungia ni myembamba kama unywele, na mwisho wa kila nguzo umekatwa kwa kijistari kilichonyooka kama ukingo wa wembe. Herufi hizo hupendeza mno katika kichwa cha habari. Zikitumika katika habari yenyewe, macho huchoka upesi. Sababu yake imo katika historia yake.

Unene na wembamba wa herufi za Kizungu ulitokana na kalamu. Hata mwalimu aandikaye ubaoni kwa ubavu wa chaki ameuona: mkono ukishuka mstari hunenepa, ukienda pembeni hukonda. Lakini kalamu hupita kutoka nene hadi nyembamba kidogo kidogo. Katika karne ya 18 wachapaji walianza kuiacha kalamu na kumfuata fundi wa kuchora juu ya bamba la shaba, ambaye chombo chake chaweza kukata mstari mwembamba kuliko kalamu yo yote.

Mstari mwembamba hauna maana kama karatasi ni ya kukwaruza. John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, alilitambua jambo hilo. Alitumia wino mweusi sana, na karatasi zake alizilainisha kwa kuzibana baina ya mabamba ya shaba yenye moto. Mwaka 1757 alitoa mashairi ya Virgil kwa herufi zake mpya, na baadhi ya watu wakalalamika kwamba zingewapofusha wasomaji. Benjamin Franklin, aliyekuwa mchapaji yeye mwenyewe, alimwandikia Baskerville mwaka 1760 akimsimulia jinsi alivyomjaribu mlalamikaji mmoja. Alichukua karatasi ya mifano ya herufi za William Caslon, akalirarua jina lililo juu, akampa mtu huyo akisema ni za Baskerville. Yule bwana akaonyesha kasoro moja baada ya nyingine, akadai macho yanamuuma; kumbe ndizo herufi alizokuwa akizisoma siku zote! Kisa hiki kinachekesha, nacho chaonyesha nguvu ya mazoea. Lakini kisitufanye tudhani kwamba kila lalamiko la macho ni chuki tu, maana herufi zilizofuata zilikuwa kali zaidi.

Giambattista Bodoni alizaliwa Saluzzo, Italia, mwaka 1740, mwana wa mchapaji. Baada ya kufanya kazi Roma, aliitwa mwaka 1768 kukiongoza kiwanda cha uchapaji cha Mtawala wa Parma. Hapo mwanzo alitumia herufi za Fournier wa Paris. Baadaye akachonga zake, na kwa muda wa miaka mingi akazidi kuukaza mpaka kati ya nene na nyembamba. Huko Paris ukoo wa Didot nao ulikuwa ukiifuata njia hiyo hiyo.

Yafaa tukumbuke kwamba Bodoni hakuwa akiwafanyia kazi wanafunzi wala wachuuzi. Vitabu vyake vilikuwa vikubwa, vyenye kingo pana nyeupe, nakala zake chache, na wenye kuvinunua walikuwa wafalme na matajiri. Mwaka 1806 alichapa Sala ya Bwana kwa lugha 155. Ni nani angeweza kuisoma yote? Kilikuwa kitabu cha kutazamwa. Wataalamu wengine walimlaumu kwamba matini zake zilikuwa na makosa, na kwa maoni yangu lawama hiyo inaeleza mengi.

Jaribu kuandika neno “mnunuzi” kwa herufi hizo, kwa umbo dogo. Nguzo za m, n na u husimama kama miti ya uzio, na vile viungo vyembamba vinavyozitofautisha hupotea. Bodoni aliijua hatari hiyo. Hakuwa na herufi moja aliyoikuza na kuipunguza, bali alichonga kila kimo peke yake, akiongeza au kupunguza wembamba kadiri ya haja. Kazi hiyo yaonekana katika Manuale Tipografico, juzuu mbili alizozitoa mjane wake, Margherita, mwaka 1818, miaka mitano baada ya kifo chake.

Wakati huo herufi hizo zilikuwa zimekwisha kutoka ikulu. Mjini London zilinenepeshwa kupita kiasi na kubandikwa kutani kutangaza bahati nasibu na maonyesho. Katika karne ya 20 magazeti ya mavazi, kama Vogue na Harper's Bazaar, yalizitwaa kwa majina na vichwa vyao, kwa kuwa zilikuwa bado zimebeba harufu ya utajiri. Jonathan Hoefler alipotengeneza herufi za Didot kwa ajili ya Harper's Bazaar, alilazimika kuchora kila umbo mara saba kwa vimo mbalimbali, ili mstari ule mwembamba usivunjike katika maandishi madogo wala usinenepe katika makubwa.