Chozi Wawili wa Arabuko-Sokoke: Utawatofautisha Vipi?

Chozi twamjua sote hapa Pwani, yule ndege mdogo anayemetameta juani akifyonza maua. Lakini chozi ni wa aina nyingi, na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, wamo wawili wa ukoo mmoja, wote wafupi wa mdomo, ambao watu huwachanganya.

Wa kwanza ni chozi mwenye mkufu, Hedydipna collaris. Mgongo wake ni kijani king'aacho, tumbo manjano. Dume ana koo la kijani na chini yake ukanda mwembamba wa zambarau. Huo ndio mkufu. Hana makuu huyu. Utamkuta vichakani, kandokando ya msitu, hata bustanini, na ameenea sehemu kubwa ya Afrika.

Wa pili ni chozi wa Amani, Hedydipna pallidigaster. Amani hapa ni mahali, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Dume ana kichwa na koo la kijani kilichokolea, ukimwona kivulini utadhani ni mweusi, na tumbo jeupe. Kwa hivyo anza na tumbo.

Mtihani ni majike. Jike wa wale wa mkufu, ambaye mkufu wenyewe hana, ni manjano tangu kidevuni. Jike wa Amani ni kijivu juu, na chini ana weupe uliofifia.

Kinachowatenga zaidi, kwa maoni yangu, ni miti. Chozi wa Amani hupenda mrihi, ule unaoota kwenye mchanga mweupe, na huzunguka vileleni akitafuta wadudu, mara nyingi akiandamana na ndege wengine. Msitu mzima ni takriban kilomita 420 za mraba, lakini mirihi imeshika sehemu ndogo tu ya hizo. Mrihi ukikatwa kwa mbao au makaa, mwenye mkufu atahamia kichaka cha pili. Huyu mwingine hana pa kuhamia karibu, na ndiyo sababu ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, ilhali mwenzake hayumo. Basi tusidanganyike na msitu unaoonekana kijani kutoka barabarani: waweza kubaki kijani vivyo hivyo na chozi wa Amani asiwemo.

Mwenye darubini aende asubuhi mapema, asimame chini ya mirihi, atazame juu kabisa.